Herufi Saba za Mzee Achi

Lamduan alijua maneno elfu themanini ya Kiingereza, lakini kwa lugha hiyo hiyo asingeweza kuagiza hata kikombe cha chai.

Pale Phrae, kaskazini mwa Thailand, hakuna aliyeona ajabu, na yeye mwenyewe ndiye hakuona kabisa. Alipokuwa shuleni, Mwalimu Sawang wa hesabu aliwachagua watoto sita wenye kumbukumbu kali, akawawekea mezani ubao wenye miraba na mfuko wa vibao vya herufi, akawaambia huo ndio mchezo utakaowafikisha Bangkok. Kila kibao kina herufi moja na alama zake. Unachota saba, unapanga neno, unahesabu alama. Neno likiwemo kwenye kitabu cha mashindano, umepata. Lisipokuwemo, unaliondoa na zamu imekupita. Kitabu chenyewe hakikuwa na maana hata moja. Kilikuwa na maneno matupu, safu baada ya safu, kama daftari la wapiga kura.

"Maana ya nini?" Mwalimu Sawang alikuwa akiwajibu waliouliza. "Namba ya simu ya nyumbani kwenu ina maana? Si unaikariri tu, ukipiga inaita?"

Basi Lamduan akakariri. Alikariri akiwa binti, akaendelea alipoajiriwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, na sasa ana miaka arobaini na moja, hakuolewa, bado alikuwa akikariri kurasa mbili kila asubuhi kabla ya kuoga, macho yakimwasha kwa moshi wa mashamba yanayochomwa mwezi wa tatu. Wenzake wanne waliacha mchezo mmoja baada ya mwingine wakaenda kulea watoto. Wa tano alifariki. Alibaki yeye na mwalimu wake, ambaye alikuwa amestaafu, na kila Jumapili walikutana kwenye kantini ya shule wakakaa ubaoni mpaka jua lipinde. Mwaka uliopita Lamduan alishika nafasi ya nne nchi nzima. Mkuu wa ofisi akakata habari hiyo gazetini, akaibandika ukutani nyuma ya kaunta: mwanamke wa Phrae anayejua maneno yote ya Kiingereza.

Alikuwa amechoka. Asubuhi aliamka amechoka, akaenda kazini amechoka, na alipokaa ubaoni vidole vilikwenda vyenyewe huku kichwa kikiwa hakipo. Hakumwambia mtu. Mashindano ya taifa yalikuwa yamebakiza siku tatu, na Mwalimu Sawang alikwisha kata tiketi za basi.

Jumatano hiyo, saa tisa alasiri, simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Ratri, muuguzi wa hospitali ya wilaya, binti wa mtaani kwao.

"Dada Duan, njoo utuokoe. Tuna mzungu hapa, mzee, haelewiki anasema nini."

"Ratri, mimi Kiingereza sikijui."

"Acha unyenyekevu, dada. Gazeti si liko hapo ukutani kwenu? Nimelisoma kwa macho yangu nilipokuja kufuatilia hati ya mama."

"Lile gazeti limetia chumvi."

"Basi njoo na hiyo chumvi yako. Daktari yuko hapa, bado kidogo alie."

Alikwenda kwa sababu kukataa kungemchosha zaidi. Aliegesha pikipiki chini ya kibanda, akapanda hadi wodi ya wanaume. Daktari Kanlaya, binti wa miaka ishirini na saba mwenye duara nyeusi chini ya macho, alimpokea mlangoni kwa viganja vilivyokutana kifuani.

"Asante kwa kuja, shangazi," alisema, na Lamduan akaona neno hilo linazidi kumzeesha. "Mgonjwa ana kisukari. Vidole vya mguu wa kushoto vimekufa, sasa weusi unapanda. Hospitali ya mkoa wako tayari kumkata chini ya goti, Jumamosi asubuhi. Tukichelewa, sumu itaingia kwenye damu. Nahitaji neno lake tu. Kiingereza changu si kibaya, udaktari wenyewe nimeusomea kwa vitabu vyao. Lakini huyu mzee akichoka, anaongea lugha ya kwao. Namuuliza, unakubali au unakataa? Ananijibu neno moja, lile lile kila siku, na mimi silijui."

"Jana nilidhani anataka sweta," alisema Ratri. "Joto hili, dada! Nikamletea la mume wangu. Alinirushia."

Kweli, sweta la kijani lilikuwa limeangukia chini ya kitanda, halijaokotwa.

"Nimeandika amekataa," alisema daktari. "Ningefanyaje? Hakusema ndiyo."

Mzee mwenyewe Lamduan alimfahamu kwa kumwona. Jina lake lilikuwa refu, la Uskoti, lakini watu walimwita Mzee Achi. Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchimba mafuta, akamwoa Buakham muuza maua, wakajenga nyumba njia ya kwenda milimani. Ishirini na mbili ilikuwa miaka yake pale, na Kithai chake kilikuwa cha sokoni tu: nanasi, bei gani, hapana, kesho. Kila kitu kingine Buakham alikuwa akimsemea. Buakham alifariki mwaka juzi, na tangu hapo mzee alikuwa kama redio iliyokatiwa waya.

Lamduan alisogea. Akamsalimu kwa sentensi aliyofundishwa darasa la kwanza, ya kuuliza hali. Mzee akafungua macho ya buluu, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya kukwaruza, huku akimtazama usoni kama mtu aliyengoja wiki nzima kusikilizwa. Lamduan hakushika hata neno moja. Maneno yake yote elfu themanini alikuwa ameyaona kwa macho. Hakuna aliyepata kumtamkia.

Mzee alipogundua, alinyamaza katikati ya sentensi, akageukia ukuta.

"Sasa yale maneno yote?" Ratri alinong'ona.

"Ni ya ubaoni, Ratri."

"Ubao gani tena?"

Masikio yalimwaka moto. Alichukua mkoba wake aondoke, na alipoutia begani vibao vikalia ndani, kwa maana mfuko wa mchezo haukumtoka popote alipokwenda. Akasimama. Alitaka sana kwenda kulala. Badala yake alirudi, akavuta meza ya chakula ya magurudumu, akamwaga vibao mia moja juu yake, akavigeuza kimoja kimoja herufi zionekane.

"Lile neno," alimwambia mzee kwa Kithai cha sokoni. "Panga."

Achi aliangalia vibao, akamwangalia yeye. Kisha akajiinua kwa kiwiko, akaanza kuzitafuta herufi kwa kidole kinene, akazisukuma moja moja: swither.

"Hilo si neno la Kiingereza," alisema daktari juu ya bega lake.

"Ni neno," alisema Lamduan, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa imara. "Herufi saba, alama kumi na tatu, na hamsini za ziada ukizimaliza zote kwa mkupuo. Na ukizivuruga unapata mengine mawili." Vidole vyake vikaenda vyenyewe. Akapanga withers. Akavuruga, akapanga writhes. Kisha akazirudisha kama alivyozipanga mzee.

Mzee Achi alitoa sauti kama kikohozi, kumbe anacheka. Akamshika Lamduan mkono, akasema jambo refu. Hakuna aliyelielewa.

"Haya, maana yake nini?" aliuliza Daktari Kanlaya.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuwahi kuhitaji kujua, daktari."

Ratri alitazama pembeni ili asicheke. Lamduan akaligusa neno kwa kidole, akamuuliza mzee: hili, nini hili? Mzee akafikiri. Akatembeza vidole viwili juu ya shuka, mbele, mbele, vikasimama, vikarudi nyuma, vikaenda mbele tena. Alipoona bado wamemkodolea macho, akachimba Kithai chake chote.

"Soko," alisema. "Nanasi hili. Nanasi lile. Hili? Lile? Hili?" Akapumua. "Kesho."

"Anasitasita," alisema Lamduan. "Hajakataa. Hajakubali pia. Moyo wake uko huku na huku."

Daktari Kanlaya alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuomba ruhusa. Akatoa kalamu, akalikata neno alilokuwa ameandika kwenye fomu. "Siku nne," alisema. "Siku nne ananiambia hivyo, na mimi namwandika amekataa."

Kesho yake Lamduan hakutaka kurudi, akarudi. Mzee alikuwa na maneno tayari. Alipanga wabbit, akaulegeza mwili wote, ulimi nje, mikono ikaning'inia kitandani. Lamduan alilijua neno hilo tangu akiwa na miaka kumi na saba. Lilimpatia ushindi mara mbili. Hakujua kuwa muda wote huo lilikuwa habari yake mwenyewe: kuchoka mpaka kwenye mifupa. Kisha mzee akapanga thole. Akajifinya paja kwa nguvu, akakunja uso, akafunga mdomo, asitoe sauti.

"Daktari," Lamduan aliita, "hili ni kuvumilia maumivu kimya kimya. Mmewahi kumuuliza kama anaumwa?"

"Kila asubuhi. Ananijibu hilo hilo, nami nadhani anasema ni nafuu."

Dozi ya dawa ya maumivu ikaongezwa siku ile ile.

Kusitasita kwenyewe kulikuwa na sababu, na ilichukua alasiri nzima kuipata. Majivu ya Buakham yalihifadhiwa hekaluni, juu ya kilima, ngazi mia na arobaini. Kila siku ya ibada mzee alipanda na shada la maua, kama alivyokuwa akifanya mkewe kwa wazazi wake. Kwa mguu mmoja atapandaje? Aliwaonyesha ngazi kwa vidole, moja moja, mpaka akachoka.

Lamduan alikuwa na jibu mdomoni. Angeweza kumwambia, maua nitampelekea mimi. Lakini aliujua mwili wake na alizijua Jumapili zake, akajua kwamba ahadi hiyo angeitimiza mara mbili, mara tatu, basi. Hakuitoa.

Ijumaa mchana aliomba ruhusa ya saa moja kazini, akaenda maktaba ya chuo cha ualimu, ambako kulikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiingereza, nzito kama jiwe la kusagia. Hakupata kuifungua maishani mwake. Alitafuta withers, kisha writhes, akilinganisha na kamusi ndogo ya Kithai. Kisha, kwa kuwa saa haijaisha, akatafuta neno moja la Mwalimu Sawang. Alilisoma mara mbili, akafunga kitabu.

Wodini alimkuta mzee ametulia kwa dawa. Akapanga maneno matatu juu ya meza, moja chini ya jingine, yote kwa herufi zile zile saba, akichota nyingine mfukoni na pale mfuko ulipopungukiwa akaweka vile vibao viwili vitupu vinavyosimama badala ya herufi yoyote.

Aligusa la juu. "Hili ni wewe," alisema kwa Kithai. "Nanasi hili, nanasi lile."

Akagusa la pili. "Hili ni kunyauka." Akaonyesha mguu chini ya shuka.

"Hili la mwisho," alisema, "ni kujinyonganyonga kwa maumivu. Hili ndilo linakuja."

Achi hakuhitaji kutafsiriwa. Yalikuwa maneno ya kwao. Aliyatazama kwa muda mrefu, na Lamduan akakaa kwenye kiti, hana nguvu ya kumhimiza. Nje mtu alikuwa akifagia. Mwishowe mzee akanyoosha kidole, akavuta vibao vitatu kutoka kwenye rundo: aye.

Hilo alilijua kila mtu: ndiyo. Daktari Kanlaya akaleta fomu.

Usiku huo Lamduan alisafiri, na asubuhi mzee alipokuwa akiingizwa chumba cha upasuaji, yeye alikuwa Bangkok, kwenye ukumbi wa jengo la maduka wenye meza mia mbili na saa mia mbili zinazotiktika. Alishinda michezo mitatu ya kwanza bila kufikiri. Katika wa nne, kijana wa chuo kikuu aliyekaa mbele yake akaweka thole, akahesabu alama zake, akabonyeza saa.

Lamduan alilitazama neno hilo. Aliona paja likifinywa. Akajiuliza kama wamekwisha maliza, kama mzee ameamka, kama kuna mtu pale anayejua akiamka atasema nini. Alipozinduka, dakika sita zilikuwa zimekwisha pita na vibao vyake saba vilikuwa herufi saba tu, havikuunda chochote. Akapoteza. Akapoteza na uliofuata. Jumapili jioni alikuwa wa sitini na tatu.

Mwalimu Sawang alifungua mdomo basi la kurudi lilipopita mji wa Ayutthaya.

"Umeanza kusoma maana," alisema.

"Machache tu, mwalimu."

"Machache yanatosha. Mchezaji anayejua maana ni kama mtu anayekimbia huku akisalimiana na kila jirani. Miaka ishirini na minne, Duan! Nimekufundisha kukimbia, wewe unasimama kuuliza habari za nyumbani."

"Nimechoka, mwalimu."

"Nani hajachoka? Mimi goti hili unaliona? Nimekaa saa saba kwenye kiti cha plastiki."

Lamduan akaegemeza kichwa kwenye kioo, na alikuwa amekaribia kusinzia aliposikia mwalimu akikohoa.

"Lile langu," alisema Mwalimu Sawang, bila kumtazama. "La ubingwa. Hukulitafuta?"

Lamduan alijua analolisema. Taeniae. Herufi saba, na ndilo lililomfanya Mwalimu Sawang bingwa wa taifa, mara moja tu maishani mwake.

"Nililitafuta."

"Haya."

"Mwalimu, tuliache."

"Sema, mtoto wee. Mimi ni mtu mzima."

"Ni tegu."

"Tegu nani?"

"Tegu, mwalimu. Minyoo ya tumboni. Ile mirefu. Na si mmoja, wengi."

Basi lilipita daraja, likapita kituo cha mafuta. Mwalimu alikuwa ametoa miwani, anaifuta kwa ncha ya shati.

"Nililiandika kwenye zawadi ya mama watoto," alisema polepole. "Mwaka ule ule. Nikachongesha bangili, nikaandikisha neno hilo ndani. Nikamwambia ndilo neno zuri kuliko yote duniani. Mpaka leo anaivaa." Mabega yakaanza kumtikisika. Lamduan alidhani analia, akamgeukia, kumbe ni kicheko, kicheko cha mzee kinachokosa pumzi, mpaka abiria wa mbele wakageuka. Naye kikamshika. Walicheka mpaka mbavu zikauma.

"Usimwambie," alisema mwalimu alipoweza kusema.

"Simwambii."

"Na usinitafutie jingine."

Kicheko kilipoisha, uchovu ulirudi mahali pake, lakini Lamduan akaona ni rahisi kidogo kusema. "Mwalimu, Jumapili nitapumzika. Mpaka mvua zianze."

"Mpaka mvua zianze," alirudia, kama mtu anayehesabu alama za mwenzake na kuziona ni sahihi. Kisha akavuta kofia usoni, akalala.

Jumatatu baada ya kazi Lamduan alikwenda hospitali ya mkoa. Mzee Achi alikuwa hai. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa, homa ilikuwa ndogo, na hasira zilikuwa nyingi. Hakumshukuru. Habari za ngazi za hekalu hakuna aliyezigusa. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji wa mchele uliopoa, ameula vijiko viwili akausukuma.

"Wersh," alisema, kwa chuki.

Lamduan alitia mkono mkobani kutafuta vibao, lakini mzee hakuwa na subira. Alichota kijiko, akamnyooshea mdomoni kama mama anayemlisha mtoto mkaidi. Lamduan akaonja. Uji haukuwa na chumvi, haukuwa na tangawizi, haukuwa na kitu chochote.

"Aa," alisema.

Alikwenda kitanda cha jirani, akaomba kwa wenyewe chupa ya sosi ya samaki, akatia matone machache, akakoroga. Mzee akala robo tatu, akachoka, akampa bakuli. Tangu Bangkok Lamduan hakuwa ameweka kitu cha maana tumboni. Akaumaliza uliobaki, kwa kijiko kile kile, akalaza bakuli tupu mapajani, na kabla Ratri, aliyekuwa amekuja kumtazama mgonjwa wake, hajamaliza kumuuliza Bangkok kulikuwaje, alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi.